Daftari la Pili la Mashamba Makubwa

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye mashamba makubwa walilishika sana neno hili. Katika nchi yetu ya Ituri, tangu Wazungu walipofungua mashamba ya kahawa na malisho ya ng'ombe, kila gunia lilipimwa, kila ndama alihesabiwa, na kila mshahara uliandikwa. Vitabu hivyo vilionyesha faida au hasara ya mwenye shamba. Lakini ilikuwako hesabu nyingine ambayo hakuna karani aliyeiandika: hesabu ya ardhi iliyochukuliwa, ya siku za kazi ya lazima, ya udongo uliochoka, na ya amani iliyovunjika. Leo tunataka kulifungua daftari hilo la pili. Sisi tunaokaa Nyankunde tunayo sababu ya kulisoma, maana sehemu ya deni lake ilikuja kudaiwa hapa kwetu, kwa watu ambao hawakuionja faida.

NCHI ILIYOITWA TUPU

Zamani, kabla ya kuja kwa Bula Matari, nchi hii iliyo kati ya msitu mkubwa na Ziwa Albert ilikuwa na watu wa kazi mbalimbali. Wabira, Walendu, Wangiti, Wahema, Waalur na wengine waliishi humo, hawa wakilima, hawa wakichunga, wengine wakifanya yote mawili. Na msituni Wambuti waliwinda. Mlimaji hakulima mahali pamoja siku zote. Alifyeka, akapanda ulezi, mtama, viazi au ndizi kwa miaka miwili mitatu, kisha akaliacha shamba lipumzike. Majani na vichaka vikaota, vikaurudishia udongo nguvu zake, na baada ya miaka mingi yeye mwenyewe au mtoto wake akarudi palepale. Mchungaji naye alikuwa na malisho ya wakati wa mvua na malisho ya wakati wa kiangazi. Kwa hiyo pori ambalo mwaka huu halikuwa na mtu lilikuwa na wenyewe, na watoto wa kijiji walijua ni la nani.

Mgeni hakuyajua hayo, au hakutaka kuyajua. Tarehe 1 Julai 1885 serikali mpya ya Mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba nchi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Katika kuifuata amri hiyo, maofisa waliihesabu nchi ya wenyeji kuwa ni pale tu penye nyumba zao na mashamba yanayolimwa. Shamba lililopumzika likawa halina mtu, na malisho ya kiangazi vivyo hivyo. Mwaka 1908 Ubelgiji iliitwaa Kongo kutoka kwa mfalme wake, lakini msingi huo wa ardhi haukung'olewa. Juu yake ndipo yalipojengwa mashamba makubwa ya Kongo.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ulikuwa mbali nasi, upande wa mto Kongo na Kwilu. Mwaka 1911 William Lever, Mwingereza mtengeneza sabuni, alipatana na serikali ya Ubelgiji. Alipewa miviringo mitano juu ya ramani, kila mmoja wa kilomita 60 toka katikati hadi ukingoni, na ndani yake akaruhusiwa kujipatia hadi hekta 750,000 za michikichi. Wenye michikichi hawakuulizwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1931, bei ya mawese iliposhuka duniani, kampuni zikapunguza malipo ya wakata mikungu, nayo kodi ikabaki palepale. Wapende wa Kwilu wakaasi. Serikali ikapeleka askari, na watu mamia wakauawa. Wale waliofua nguo zao Ulaya kwa sabuni nzuri ya bei nafuu hawakujua kitu. Tena neno hili halikwisha pamoja na ukoloni. Mashamba yaliyobaki ya kampuni ile, zaidi ya hekta 100,000, yaliuzwa mwaka 2009 kwa kampuni nyingine, na mwezi wa Novemba 2018 vijiji vilivyo karibu nayo vilipeleka mashtaka hadi Ujerumani, kwenye benki iliyokopesha fedha, vikidai ardhi ya mababu. Shauri la 1911 lilikuwa lingali hai baada ya miaka 107.

Tukitaka kusema haki, yatupasa kuitaja na nyumba yetu wenyewe. Katika mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Baba Mtakatifu na serikali ya Leopold, misioni iliahidiwa hekta 100 au 200 za kulima, nayo misioni ikaahidi kufungua shule. Shule zilifunguliwa, babu zetu wakasoma humo, nasi tukafuata. Hata hivyo ardhi ile ilitolewa na mtu asiyekuwa mwenyewe. Anayetaka kuwahesabia wengine na aanze mlangoni pake.

CHAKULA CHA KILO

Kwetu Ituri shamba kubwa lilifuata nyuma ya dhahabu. Mwaka 1903 dhahabu ilionekana Kilo, na mwaka 1905 kazi ya kuichimba ikaanza. Baadaye machimbo ya Moto yakafunguliwa, na mwaka 1926 yote yakawekwa chini ya kampuni moja ya Kilo-Moto. Machimbo yalitaka maelfu ya wafanyakazi, na mchimbaji hali dhahabu. Alihitaji mihogo, maharagi, ndizi, karanga, mchele na nyama kila juma. Ni nani atakayemlisha?

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Vijiji viliamriwa kulima kupita mahitaji yao na kupeleka ziada machimboni. Kabla ya barabara za magari chakula hicho kilichukuliwa kichwani, na mchukuzi naye alihitaji kula njiani. Bei haikupatanwa kama sokoni. Aliyeipanga alikuwa mnunuzi pamoja na serikali yake. Mwenye kupungukiwa alikijua kifungo, tena alikijua na kiboko. Ndivyo dhahabu ya Kilo ilivyopatikana kwa gharama ndogo: mwenye machimbo alilipa sehemu ya chakula cha wafanyakazi wake, na sehemu iliyobaki ililipwa na mama wa kijijini kwa mgongo wake.

Kazi hii ya lazima iliwekwa katika sheria. Tangu mwaka 1917 serikali iliweza kumlazimisha mwanakijiji kulima mimea iliyochaguliwa na ofisa kwa muda wa siku 60 kila mwaka, na amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ikalithibitisha neno hilo kwa nchi yote. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, siku hizo zikaongezwa hadi 120. Siku 120 ni karibu theluthi moja ya mwaka. Kazi ile iliitwa ya mafundisho, ati ili Mwafrika ajifunze kulima. Lakini mwanafunzi aliyekosa somo lile alitozwa faini au alifungwa gerezani.

Jirani zetu wa Uele waliionja kwa njia ya pamba. Amri ya 1921 iligawa nchi ya pamba katika sehemu, na kila sehemu ikapewa kampuni moja tu ya kununua. Mkulima alilazimishwa kupanda, kisha akalazimika kumwuzia mtu mmoja. Pamba haingoji, yataka kupaliliwa na kuchumwa kwa wakati wake, na wakati huo mara nyingi ndio wakati wa kupalilia chakula. Ulezi na mtama, ambavyo vyataka mikono mingi na kulindwa na ndege, vikarudi nyuma. Muhogo ukasonga mbele, kwa kuwa muhogo husubiri: waweza kuukaa mwaka na zaidi udongoni mpaka mwenyewe apate nafasi ya kuuchimba. Maofisa nao waliuamuru kama akiba ya njaa. Hakika muhogo umeokoa watu wengi. Lakini washibisha tumbo kuliko unavyoujenga mwili, na mtoto aliyelelewa kwa ugali wake mtupu, bila maharagi wala samaki wala maziwa, haonyeshi afya. Tunapoutazama ugali katika sahani zetu, tukumbuke kwamba haukuja peke yake; ulisukumwa na kazi iliyowaondoa watu katika mashamba yao.

MASHAMBA YA MILIMANI

Nyuma ya machimbo wakaja walowezi. Milima ya Djugu na Mahagi ina hewa ya baridi, haina mbung'o wengi, na majani yake ni mazuri. Humo Wazungu walifungua malisho ya ng'ombe na mashamba ya kahawa na mboga, ili kuwalisha watu wa Kilo, wa Bunia na wa mbali. Nioka pakawa na kituo cha INEAC, yaani shirika la serikali la kuchunguza ukulima lililoanzishwa mwaka 1933, nacho kilitafuta mifugo na mbegu zinazofaa nchi ya juu.

Hatupendi kusema kwamba hakuna jema lililotoka huko. Watu walipata kujua dawa za kupe, mbegu bora na namna ya kukausha kahawa. Wengine walipata mshahara, wakanunua baiskeli, wakalipa karo ya watoto. Mwenye kuandika daftari la pili asilichane la kwanza.

Hata hivyo tutazame jinsi shamba la namna ile lilivyofanya kazi. Hekta mia kadhaa zikipewa mtu mmoja, watu waliokuwa wakizizungukia kwa zamu za kulima na kupumzisha hawatoweki. Wanasogea. Wengine wanabaki ndani ya mpaka, wakiruhusiwa kulima kipande kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi. Hao huwa wapangaji katika nchi walikozikwa babu zao. Wengine wanasongamana katika ardhi iliyobaki. Palipopumzika miaka kumi sasa panapumzika mitano, kisha miwili, kisha hapapumziki. Mlima mkali ambao wazee hawakuulima unalimwa toka juu hadi chini. Mvua ya kwanza inapopiga, udongo mweusi unashuka mtoni, na mwaka unaofuata mahindi ni mafupi na manjano. Mchungaji naye, akiwa na ng'ombe walewale katika malisho yaliyopunguzwa, anayala majani mpaka mizizi, ndipo anapowaingiza ng'ombe katika shamba la mlimaji. Mlimaji anaona adui yake ni mchungaji. Mchungaji anaona adui yake ni mlimaji. Mwenye hekta mia kadhaa haonekani katika ugomvi huo, maana yeye amekaa ndani ya mpaka wake.

Neno hili twalitilia nguvu, kwa sababu wageni wengi huandika kwamba watu wa Ituri wanachukiana tangu zamani za kale. Ugomvi ulikuwako, kama kwa majirani wote. Lakini majirani wawili wanaogombea mkeka hawawezi kupatana ikiwa kila mwaka mtu wa tatu anaukata mkeka upande mmoja.

KAHAWA ILIYOKUFA

Hesabu nyingine ambayo daftari la kwanza haliioni mpaka imechelewa ni ile ya kupanda mti wa namna moja juu ya nchi nzima. Kahawa yetu ya robusta inatupa mfano wake.

Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa kukauka kwa kahawa ulionekana upande wa Aketi, katika Uele. Ni ukungu unaoingia katika mti kupitia jeraha, mara nyingi jeraha la panga au jembe, nao unaziba njia za maji. Majani yanageuka manjano na kupukutika, matawi yanakauka, na baada ya miezi michache mti mzima umekufa. Dawa ya kuuponya mti hakuna. Unang'olewa na kuchomwa palepale. Mahali ambapo mibuni imesimama bega kwa bega kilomita na kilomita, ugonjwa hupita kama moto katika majani makavu. Wataalamu wa Yangambi walitafuta miti inayostahimili, wakaipata, wakaipandisha, na kufikia miaka ya 1950 ugonjwa ukatulia.

Baada ya 1960 vituo vya uchunguzi vilipungukiwa na watu na fedha, mashamba mengi yakaachwa yakawa pori, wala hakuna aliyeng'oa miti iliyokufa. Katika miaka ya 1970 ugonjwa ukazuka tena upande wa Isiro. Ukashuka kidogo kidogo kuelekea mashariki, ukafika Ituri na Beni, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda, upande wa Bundibugyo. Mamilioni ya mibuni ilikufa. Wenye mashamba makubwa waliweza kuhamia biashara nyingine. Mtu mdogo aliyekuwa ameacha maharagi ili apande kahawa, kwa sababu aliambiwa kahawa ni fedha, akabaki na kuni.

Leo katika Irumu, Mambasa na Beni twaona kakao ikishika mahali pa kahawa. Mwaka 2024 bei yake duniani ilipita dola 10,000 kwa tani moja, na kila mwenye nguvu anafyeka msitu apande. Hatuwakatazi watu kutafuta riziki. Twawakumbusha tu kwamba msitu hukatwa kwa siku moja, na kwamba mti mmoja ukitawala nchi nzima, kuugua kwake ni kuugua kwa kila nyumba.

KARATASI YA 1973

Uhuru ulipofika mwaka 1960, watu walitumaini kwamba ardhi itarudi. Walowezi wengi waliondoka wakati wa machafuko ya miaka ile. Lakini mashamba yao hayakurudi kuwa pori la zamu la wanakijiji. Mipaka ilibaki katika ramani za ofisi, ikimngoja bwana mwingine.

Mwaka 1973 ndio uliokata shauri. Tarehe 20 Julai ilitoka sheria ya ardhi isemayo kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, isiyoweza kutwaliwa na mtu milele. Hata ardhi inayokaliwa na vijiji ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Haki za wanakijiji juu ya ardhi hiyo, sheria ilisema, zitapangwa na amri ya Rais itakayofuata. Amri hiyo haikufuata. Kisha tarehe 30 Novemba mwaka uleule Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni vitapewa wananchi.

Wananchi gani? Mashamba yaliwaangukia wale waliojua njia ya kwenda Kinshasa, wenye elimu, fedha na marafiki serikalini. Katika Ituri wengi wa hao walikuwa Wahema, kwa kuwa Wabelgiji ndio waliowatanguliza katika shule na ofisi. Lakini tusikosee hapa: waliopewa walikuwa wachache sana. Wahema maskini, wenye ng'ombe wawili watatu, hawakupata hata hekta moja, na baadaye waliuawa kwa ajili ya mali wasiyokuwa nayo.

Sheria ilikuwa na mlango mwingine wa hatari. Mtu aliweza kupata cheti cha ardhi ambayo watu wengine wanaikaa. Cheti kikitimiza miaka miwili bila kupingwa mahakamani, hakivunjiki tena. Je, mwanakijiji wa Djugu angekipingaje? Kiliandikwa kwa Kifaransa, kikafungwa katika kabati la ofisi, wala hakuna aliyepiga ngoma kumwarifu. Alilijua neno siku ya kufukuzwa. Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu wa karatasi alipokuja, mwenyeji alifungasha mizigo.

Mashamba yenyewe mengi hayakustawi mikononi mwa mabwana wapya. Wengine waliuza ng'ombe wa mbegu, wakaacha mibuni iliwe na majani. Hata hivyo mpaka ulibaki kuwa mpaka. Watu wenye njaa walitazama hekta zilizolala bure ng'ambo ya ua, wasiruhusiwe kuingia.

DENI LILIPODAIWA

Mwezi wa Juni 1999, katika usultani wa Walendu Pitsi, wilaya ya Djugu, ugomvi uliwaka kati ya wenye mashamba kadhaa na wanakijiji. Wanakijiji walisema kwamba mabwana hao wametaka kuyabadili maandishi ya mipaka ili wapanue mashamba na kuwafukuza. Zamani shauri la namna hii liliishia kwa sultani au kwa hakimu. Mwaka ule nchi ilikuwa chini ya waasi na ya jeshi la Uganda, silaha zilikuwa tele, na askari wa Uganda wakawasaidia baadhi ya wenye mashamba. Moto ukatoka Djugu, ukaenea Ituri nzima.

Hatusemi kwamba vita vile vilitokana na mashamba peke yake. Kulikuwa na tamaa ya dhahabu, kulikuwa na viongozi waliogawa bunduki, kulikuwa na majirani wa nje waliotaka faida. Lakini moto haushiki pasipo kuni kavu, na kuni zile zilikuwa zimekaushwa kwa miaka mingi. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwezi wa Julai 2003 kwamba tangu 1999 watu 50,000 walikuwa wameuawa katika Ituri, na watu 500,000 wamekimbia makwao.

Hapa Nyankunde, katika usultani wa Andisoma, deni lilidaiwa tarehe 5 Septemba 2002. Nyankunde haikuwa nchi ya walowezi wakubwa. Palijulikana kwa hospitali ya ndugu zetu Waprotestanti, ambako wagonjwa wa makabila yote walilala kitanda karibu na kitanda. Siku ile jeshi la wapiganaji liliingia. Kwa muda wa siku kumi hivi waliwatafuta watu kwa makabila yao, majumbani na hata katika vitanda vya hospitali. Waliouawa hawakupungua 1,200, kwa hesabu ya shirika lilelile. Hospitali iliporwa na kuharibiwa. Waliookoka walipita msituni kwa miguu siku nyingi, wakiwabeba wagonjwa, mpaka Oicha na Beni.

Mama aliyeuawa Nyankunde hakuwa na cheti cha shamba la Djugu. Hakunywa maziwa ya ng'ombe wale, wala hakuuza kahawa ile. Ndiyo maana twasema daftari la pili ni la kutisha: mdaiwa si yule aliyekopa.

Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliitia Uganda hatiani, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru kuilipa Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa ajili ya mali, na 60 kwa ajili ya utajiri wa nchi. Hapo angalau pameandikwa namba. Lakini hakuna mahakama iliyoandika namba ya shamba lililopumzika ambalo lilihesabiwa kuwa tupu. Na neno lenyewe halijaisha. Tangu mwisho wa 2017 Djugu imerudi katika damu, na kundi moja la wapiganaji laitwa CODECO. Herufi hizo maana yake ni Ushirika kwa Maendeleo ya Kongo: jina la ushirika wa wakulima. Nchi ambayo jina la ushirika wa wakulima limekuwa jina la kuwatisha watoto yapaswa kujiuliza imepoteana wapi.

SUKARI INATOKA WAPI

Wengine watasema: mambo hayo ni ya mabwana wa zamani, leo twanunua chakula chetu sokoni. Ni kweli, Bunia hula vitu vingi vinavyovuka mpaka kutoka Uganda, pamoja na sukari. Lakini chakula cha bei nafuu kikitoka mbali, daftari la pili limehamia tu mahali tusipopaona. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika nchi ya Bunyoro, upo msitu wa Bugoma wenye sokwe na chemchemi za mito. Mwaka 2016 kampuni moja ya sukari ilikodishwa maili 22 za mraba katika sehemu hiyo, na mwaka 2020 ilipewa ruhusa ya kupanda miwa, ingawa watu wengi walipinga na kwenda mahakamani. Nasi twakoroga chai.

Wala tusidhani kwamba ukubwa peke yake huleta chakula. Mwaka 2014 Serikali yetu ilifungua shamba la mahindi la Bukanga-Lonzo, upande wa Kwango, lenye hekta 80,000, pamoja na matrekta mapya na wataalamu kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2017 lilikuwa limesimama. Fedha nyingi zilipotea, na Kinshasa haikupata unga uliotazamiwa. Mbele yake, toka 1946 hadi 1951, Waingereza walifanya hivyohivyo kwa karanga huko Kongwa, Tanganyika: waling'oa vichaka kwa mashine kubwa, wakakuta udongo unaokuwa mgumu kama saruji wakati wa jua, na wakapoteza pauni milioni 36. Wagogo wangeweza kuwaambia habari za udongo ule bila malipo.

TUFANYE NINI

Basi yatupasa tufanye nini? Kwanza tuijue sheria, maana sasa inatupa njia ambazo babu zetu hawakuwa nazo. Sheria ya ukulima ya tarehe 24 Desemba 2011 inakiri kwamba jamii za wenyeji zina haki za kimila juu ya ardhi yao. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake uandikwe kwa jina la jamii yenyewe, hata kufikia hekta 50,000, bila kulipa kodi ya bwana. Vijiji vinavyokaa karibu na msitu visingoje mpaka mtu aje na karatasi yake. Viandike kwanza ya kwao.

Tena, mtu akija kuomba shamba kubwa, awe mwananchi au mgeni, wazee wasimwonyeshe nchi kabla ya kutembea mipaka pamoja na majirani wote, walimaji na wachungaji, na vijana na wanawake wakiwapo. Shamba linalopumzika litajwe kwa jina la mwenyewe. Njia ya ng'ombe kwenda majini iandikwe. Chemchemi iandikwe. Cheti kisomwe kwa sauti, kwa lugha inayosikika, siku ya soko. Na mwombaji aseme mbele ya watu: atakapopata hasara, ni nani atakayeilipa?

Mwisho twawaomba wenzetu wanaofundisha katika shule na katekisimu wasiwafundishe watoto habari za 2002 bila habari za 1973, wala za 1973 bila za 1885. Mtoto anayejua tu ni kabila gani lililomwua babu yake, amepewa panga. Mtoto anayejua jinsi ardhi ya babu yake ilivyoandikwa kuwa tupu, na ya babu wa jirani yake vilevile, anaweza kesho kuketi na jirani huyo wakapima mpaka.